Barafu ya Saruji: Uwanja wa Kuteleza Uani Kwako

Siku mwanao atakapoona kwenye televisheni watoto wa Kanada wakiteleza kwenye barafu nyuma ya nyumba yao, atakuuliza kwa nini na ninyi msimwage maji uani yakaganda. Wangu aliniuliza hivyo. Nikamwambia hapa Chamazi maji ya kwenye jagi tu hayapoi, ya uani yatagandaje? Akanijibu, "Mbona kwenye friji yanaganda, mama?" Nikakosa la kusema. Usiku, wote walipolala, nikachukua kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe ni hii. Uwanja wa mita 5 kwa 8, wenye barafu ya unene wa sentimita 5, unahitaji karibu tani mbili za maji. Kuyashusha maji hayo kutoka nyuzijoto 28 hadi sifuri, kisha kuyagandisha, ni kuondoa joto la uniti 250 hivi. Mashine nzuri ya kugandisha huondoa uniti mbili au tatu za joto kwa kila uniti ya umeme inayokula, kwa hiyo LUKU itakuwa imeteketeza uniti mia hivi kabla mtu hajakanyaga. Halafu jua linachomoza. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, kila mita ya mraba hapa Dar es Salaam hupokea karibu kilowati moja ya nguvu za jua. Uwanja wako mzima unapokea kilowati 40. Hata barafu ikirudisha nusu yake angani, nusu iliyobaki inatosha kuyeyusha zaidi ya lita 200 kwa saa. Zima mashine asubuhi, jioni unafuga vyura.

Jirani zetu wanaoteleza kwenye barafu hasa ilibidi waingie ndani. Nairobi, kwenye hoteli ya Panari iliyoko Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, chini ya paa na kwa nguvu za mashine. Hapo ndipo ilipolelewa timu ya hoki ya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada wakacheza upande mmoja na mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Sisi barafu yetu iko Kilimanjaro, ambako hata kambi moja ya wapandaji inaitwa Barafu, na iko ile ya ubuyu inayouzwa mlangoni kwa jirani, ambayo haikanyagiki.

Ila mtoto hakuwa ameomba barafu. Alichoomba ni kuserereka. Na kuserereka kunahitaji vitu viwili tu: sakafu iliyonyooka isiyo na mikwaruzo, na viatu vya magurudumu, ambavyo watoto wa mjini wanaviita skeiti. Sakafu hiyo inajengeka Mbagala, inajengeka Bunju, na haidai LUKU. Nimejenga mbili. Ya kwanza niliiharibu, nitakwambia ilivyokuwa.

Pima kabla ya kununua

Familia yenye watoto wawili au watatu inatoshelezwa na mita 5 kwa 8. Chini ya mita 4 kwa upana, mtoto hana nafasi ya kukata kona. Atakuwa anaserereka na kugonga ukuta, anaserereka na kugonga ukuta. Kama kiwanja chako ni kile cha 20 kwa 20 na nyumba imekaa katikati, chagua upande mmoja mrefu badala ya kulazimisha mraba. Kona zifanye za mviringo. Zinapendeza, na zege la kona kali ndilo la kwanza kumeguka.

Kabla hujapiga kamba, jiulize shimo la choo liko wapi. Katika mitaa yetu ya pembezoni karibu kila nyumba ina shimo lake la maji taka, na kuna siku gari la kunyonya litakuja. Usijenge juu yake, wala juu ya mfuniko wake, wala juu ya bomba linaloelekea huko. Nimeona ua wa watu uliosakafiwa vizuri kabisa ukipasuliwa kwa nyundo kwa sababu bomba limeziba na hakuna anayekumbuka linapita wapi. Fuatisha pia bomba la DAWASA kutoka kwenye mita.

Halafu miti. Mwembe unapendeza kwa kivuli, lakini mizizi yake itanyanyua sakafu yako taratibu kama mtu anayeinua kona ya mkeka, na maembe yaliyooza ni mabaya zaidi kuliko ganda la ndizi. Kaa mbali nao walau kadiri matawi yake yanapofika. Upande wa magharibi wa nyumba hupata jua la jioni, saa ambazo watoto wametoka shule. Ukiwa na hiari, weka uwanja mashariki, ukuta wa nyumba uutilie kivuli kuanzia saa tisa.

La mwisho hapo ni maji ya mvua. Uwanja lazima uinamie upande mmoja, mbali na nyumba, kwa sentimita 1 kwa kila mita. Kwa upana wa mita 5, upande wa chini unakuwa sentimita 5 chini ya upande wa juu. Mtoto akiwa kwenye skeiti hausikii mwinamo huo sana, lakini maji yanausikia. Hakikisha yanakotokea kuna mfereji au shimo la mawe la kuyameza, maana ukiyaelekeza kwa jirani, masika ya kwanza tu mtakuwa kwa mjumbe. Na uso wa uwanja uwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 15 au zaidi.

Kilicho chini ndicho uwanja

Watu wengi huweka pesa kwenye saruji na kufanyia ubahili ardhi. Zege la unene wa sentimita 10 halina nguvu ya kujibeba likiachwa na pengo chini yake. Ardhi ikishuka, nalo linapasuka.

Ondoa udongo wa juu wote wenye majani na mizizi, sentimita 15 hadi 20. Ukikuta chini ni mchanga, kama ilivyo sehemu nyingi za Mbagala na Chamazi, umebahatika: umwagilie, ushindilie, unatulia. Ukikuta mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu masika, chimba zaidi na uutoe, kwa sababu unavimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na hakuna zege la nyumbani linaloweza kubishana nao. Jaza kifusi kizuri badala yake. Kijazwe kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15, kila tabaka limwagiliwe na kushindiliwa kabla ya linalofuata. Fundi akimwaga kifusi chote kwa mpigo mmoja na kukishindilia juu tu, mkatalie. Kodi mashine ya kushindilia kwa siku moja. Ni gharama utakayoisikia leo tu. Kisigino cha mtu mzima kikizama, bado.

Juu ya kifusi tandaza mchanga wa sentimita 3, kisha nailoni nzito, vipande vyake vikipandana kwa sentimita 30. Nailoni inazuia ardhi isinyonye maji ya zege kabla halijashika. Pembeni, zunguka uwanja wote kwa kuchimba mfereji mdogo ili zege la ukingoni liwe na unene wa sentimita 20, maana mvua ya Dar es Salaam huchimba mchanga chini ya kingo. Pale uwanja unapogusana na ukuta wa nyumba, usiviache vikashikana: weka sponji nyembamba katikati, hata ya godoro kuukuu, ili kila kimoja kitanuke na kusinyaa kivyake.

Saruji, mchanga, kokoto

Kwa mita 5 kwa 8 na unene wa sentimita 10 unahitaji mita 4 za ujazo za zege, na kidogo kwa ajili ya kingo na umwagikaji. Mafundi wetu wamezoea mchanganyiko wa moja, mbili, nne. Huo unafaa kwa sakafu inayokanyagwa na viatu. Magurudumu ya skeiti ni madogo na magumu, yanasugua sehemu ileile kila siku, kwa hiyo ongeza nguvu: moja, moja na nusu, tatu. Kwa ndoo ya lita 20, hiyo ni mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo mbili na nusu za mchanga, ndoo tano za kokoto. Kwa uwanja mzima weka hesabu ya mifuko 32, uongeze minne ya kingo na akiba. Mchanga mita za ujazo 2, kokoto 4. Wavu wa chuma wa BRC uwekwe juu ya vipande vya zege vilivyofinyangwa mapema, ukae katikati ya unene. Mafundi wengi huulaza chini kabisa na kuahidi kuuvuta wakati wa kumwaga. Hawauvuti.

Saruji si tatizo kwetu. Kiwanda cha Wazo pale Tegeta kimekuwa kikiisaga tangu mwaka 1966, na siku hizi ya Mtwara nayo imejaa madukani. Angalia namba kwenye mfuko: chukua 42.5, acha 32.5 iende kwenye ripu. Bonyeza mfuko; ukisikia mabonge magumu ndani, umeshakunywa unyevu.

Mchanga ndio wenye hila. Usikubali mchanga wa baharini hata ukiletewa kwa nusu ya bei, chumvi yake itakula wavu wa chuma kimyakimya. Wa mto pia upime: jaza chupa ya kioo nusu mchanga, ongeza maji yenye kijiko cha chumvi, tikisa, iache saa tatu. Tope litajikalia juu ya mchanga. Kwa kila sentimita 10 za mchanga, tope likifika sentimita 1, rudisha mzigo. Kokoto ngumu za Lugoba ni bora kuliko za mawe ya matumbawe ya huku pwani zinazogongwa kwa mkono, ingawa nawaheshimu sana kina mama wa Kunduchi wanaozigonga. Na tripu ya lori si kipimo. Kabla halijamwaga, pima bodi kwa futi, urefu, upana na kina cha mzigo, uzidishe mwenyewe.

Maji yawe ya kunywa. Visima vingi vya pwani vina chumvi, ulimi wako utakwambia. Jaza simtanki wiki nzima kabla, usije ukategemea bomba siku ya kazi.

Siku ya kumwaga

Chagua Juni hadi Agosti. Mvua imekatika, na usiku wa Julai joto hushuka mpaka nyuzi 18 au 19, ambayo kwetu ndiyo baridi kuu. Februari zege linakauka mikononi mwa fundi. Aprili mvua inakuchapia uso wake wote. Wavu na mbao za pembeni vikaguliwe jana yake. Kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi, mashine ya kukorogea zege ikiwa imeshafika, na watu wasiopungua wanane. Mita 4 za ujazo zinakwisha kabla ya saa tano kama hakuna anayesubiri mwenzake.

Sasa hapa ndipo utakapogombana na fundi wako. Zege likiwa gumu kidogo kulisambaza, atasema, "Mama, tuongeze maji kidogo tu." Kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu na kuongeza nyufa. Kwa mfuko mmoja maji yasizidi lita 25, na mchanga ukiwa umelowa, pungufu ya hapo. Njia rahisi ya kumaliza ubishi: jaza ndoo zege, igeuze chini juu kama watoto wanavyojenga ngome ufukweni, ivue. Likishuka kidogo na kubaki na umbo, sawa. Likitawanyika kama uji, limeharibika.

Simama hapo siku nzima. Kama huwezi, usimwage siku hiyo.

Zege likishasambazwa na kuchomwachomwa kwa nondo ili hewa itoke, linanyooshwa kwa ubao mrefu unaopita juu ya mbao za pembeni kwa mwendo wa msumeno. Uwe na ubao wako mwenyewe wa mita 3 ulionyooka. Ulaze popote juu ya zege bichi: pengo chini yake lisizidi milimita 5. Bonde linarekebishika sasa kwa mwiko. Kesho litarekebishika kwa pesa.

Baada ya hapo uso utatoa maji, utang'aa. Subiri yaondoke yenyewe. Uwanja wangu wa kwanza ulifia hapa. Fundi, simtaji, aliona jua linazama, akachukua saruji kavu akainyunyiza juu ya yale maji yakauke haraka, akapiga mwiko, pakang'aa kama sahani. Nilimpongeza na soda juu. Baada ya miezi mitatu uso ulianza kubanduka vipande vipande kama magamba ya changu, kwa sababu ile saruji haikushikana na zege, ilikaa juu ya maji tu. Kwa hiyo sikushauri kupiga niru kabisa. Ni nzuri sebuleni. Uani chini ya magurudumu inapasuka nyufa za utando wa buibui, na ikilowa inateleza vibaya. Laini unayoitaka itoke kwenye zege lenyewe: maji ya juu yakishaondoka, kanyaga ukingoni, kiatu kikiacha alama isiyozidi nusu sentimita, anza kusugua kwa bao, kisha mwiko wa chuma, upumzike, mwiko tena. Mara mbili zinatosha. Ya tatu inafanya kioo, na kioo hukitaki pale mvua inapopita.

Kesho yake, kabla ya saa 24 kutimia, uwanja ukatwe. Zege lazima lisinyae, na likisinyaa litapasuka. Kazi yako ni kulionyesha pa kupasukia. Gawanya mita 8 mara tatu na mita 5 mara mbili, upate vipande sita. Kata kwa mashine ya diski, kina cha sentimita 2.5, upana usiozidi milimita 4. Mafundi wamezoea kuacha mianya mipana kwa kuweka vipande vya mbao; hiyo ni mitego, gurudumu la mbele likiingia mtoto anaruka kwa kichwa. Mianya ijazwe baadaye kwa gundi laini ya madirishani, isawazishwe na uso.

Maji ya siku saba

Walter Gretzky, fundi simu wa mji wa Brantford huko Kanada, alikuwa akitoka usiku wa baridi kumwagilia ua wake kwa kinyunyizio cha bustani, tabaka jembamba juu ya jembamba, mpaka uwe uwanja wa barafu. Mwanawe Wayne alianza kuteleza akiwa na miaka miwili, akaja kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa hoki ya barafu duniani. Mzee alimwaga maji ili yagande. Wewe utamwaga ili saruji isikauke, kwa sababu zege haligumuki kwa kukauka: saruji hugumuka kwa kunywa maji, na likinyimwa siku za mwanzo, uso wake unabaki unga maisha yote.

Fundi akishalipwa hatarudi kumwagilia. Ni kazi ya nyumbani. Funika uwanja kwa magunia mara tu unapokanyagika bila alama, yalowe, juu yake tandika nailoni na mawe pembeni upepo usiibebe. Bila nailoni, ndoo kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Ukiwa nayo, ndoo chache asubuhi na jioni zinatosha. Watu wengine hujenga tuta la mchanga kuzunguka na kuyatuamisha maji; kwenye uwanja wenye mwinamo maji yote yatakimbilia chini na upande wa juu utabaki mkavu, usiige. Siku saba kamili. Binti yangu ndiye aliyekabidhiwa zamu ya asubuhi kabla ya gari la shule. Alikuwa akiinua ncha ya gunia na kuweka kiganja kuhakikisha pana ubaridi, na nadhani ndiye aliyeuokoa uwanja wa pili.

Kutembea juu yake, baada ya siku mbili. Skeiti, baada ya siku 28. Watalia. Waache walie.

Viatu

Skeiti za mtumba zinapatikana Karume na Kariakoo, na nyingi ni nzuri kuliko mpya za rangirangi za plastiki. Chagua kiatu chenye gamba gumu linaloshika kifundo cha mguu. Ukikiminya kwa mikono miwili na kikakubali kukunjana, kirudishe. Zungusha kila gurudumu kwa kidole: lizunguke muda mrefu bila kukwaruza. Likikwaruza si mwisho wa dunia, punguza bei, kwa sababu beringi zake karibu zote ni namba 608, ileile inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya mashine. Kwenye gurudumu kuna namba yenye herufi A. Kwa zege la uani tafuta kati ya 78A na 85A. Namba kubwa zaidi ni gurudumu gumu, linatetemesha magoti.

Kofia ngumu ya baiskeli, vikinga vya magoti, viwiko na viganja vinunuliwe siku ileile. Anayeanguka hutanguliza mikono, na mifupa ya mkono ndiyo inayovunjika. Somo la kwanza liwe kuanguka: wavalishe kila kitu, wasimame kwenye mkeka, wapige magoti mbele, wakae pembeni, mara ishirini, wakicheka. Halafu ndipo waingie uwanjani. Wakati wa kucheza ni kuanzia saa kumi jioni. Mchana zege linachoma, na aliyeanguka ataungua juu ya kuchubuka.

Matunzo

Adui wa kila siku ni mchanga. Punje zinazoletwa na upepo na kandambili zinasaga uso wa zege na kuingia kwenye beringi, na kokoto moja ndogo inalisimamisha gurudumu ghafla. Ufagio wa chelewa unatosha, kila jioni kabla ya kucheza, na afagie yule anayetaka kucheza. Mara moja kwa wiki paoshwe kwa maji na sabuni ya unga. Usipake rangi nyekundu ya sakafu wala nta. Uwanja utang'aa kama baraza la bibi na mtu atavunjika.

Masika huleta utando wa kijani upande usiopata jua. Usugue kwa brashi ngumu na maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, suuza sana. Uwanja ukilowa hakuna kuteleza, hata kidogo, hata kwa dakika tano. Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, subiri nusu saa kisha zunguka na sarafu ya shilingi 200. Dimbwi linalotosha kuifunika liwekee alama ya chaki. Likikauka, kwaruza hapo, palowe, ujaze saruji na mchanga laini uliochanganywa na gundi ya ujenzi. Ufa mwembamba kama unywele uache. Ufa unaoingiza kucha uchongwe na kuzibwa kabla ya vuli. Ukiona upande mmoja wa ufa umepanda juu ya mwingine, tatizo ni ardhi. Chunguza kama maji yanachimba kingo au mzizi umepita.

Jambo ambalo hakuna fundi aliyeniambia ni kwamba uwanja ulionyooka haukai wa watoto peke yao. Majirani watauona. Kutakuwa na kipaimara, kutakuwa na arobaini, kutakuwa na binti anayefundwa, na wote watakuja kuomba ua wenye sakafu nzuri. Wape. Ila turubai lifungwe kwenye ndoo zilizojaa mchanga, lisipigiliwe mambo kwenye zege. Viti vya chuma vivishwe vipande vya kandambili miguuni. Na mafiga ya pilau yakae kule nyuma kwenye mchanga, maana moto wa kuni ukikolea juu ya zege hulifyatua vipande, na shimo la upana wa sufuria litakusubiri Jumatatu watoto wakirudi na skeiti zao.